Kisigino cha Kushoto

4 Machi

Dada,

Sikuulizi hali. Viatu vimeshanijibu.

Vile vyeusi vimefika jana na basi la mchana, kwenye boksi lilelile, na karatasi yako ndani ya kiatu cha kulia: "Soli tu zimechoka, mimi mzima kama chuma cha pua." Dada, nakushonea viatu tangu nilipoanza ufundi, navijua kuliko ninavyoyajua meno yangu. Miaka yote unavila sawasawa, kulia na kushoto. Safari hii cha kulia kimelika kisigino upande wa nje mpaka ngozi inaonekana. Cha kushoto kisigino ni kizima, lakini ncha imekwaruzika, maana yake umekuwa ukiiburuta. Mtu mzima kama chuma haburuti ncha ya kiatu.

Unachechemea, na unanificha. Ndiyo maana siku hizi nikipiga simu unacheka sana. Kwenye simu unajua kunidanganya, kwenye viatu huwezi.

Wifi yako amesoma hapo juu akasema nianze na salamu kama mtu aliyelelewa. Haya, salamu. Nimeweka soli mpya pande zote mbili. Ndani ya kisigino cha kushoto nimeongeza jambo dogo la kifundi. Usilitoe wala usiniulize, kila kazi ina siri yake. Vaa, kisha niambie ni mguu gani na tangu lini.

Mdogo wako,
Fundi


13 Machi

Mdogo wangu,

Ningekuwa mwizi ungenikamata kwa nyayo. Haya, nimekamatwa.

Ni mguu wa kushoto, na hii ni wiki ya sita. Siku yenyewe naikumbuka. Ilikuwa mita ya maji ya themanini na tisa, nyuma ya duka la rangi, kifuniko cha chuma kimekwama kwa kutu. Niliinama nikakivuta kwa ndoano huku nimejipinda kiuno, nisije nikakanyaga makopo ya watu. Kikafunguka, na hapohapo nikasikia kitu kiunoni kama uzi unakatika. Nikabaki nimeinama vilevile, nazisoma namba za mita mara ya tatu, kwa sababu kunyanyuka kumenishinda. Mwenye duka akadhani nimegundua anaiba maji, akaanza kujitetea kabla sijamuuliza kitu.

Sasa sikiliza linalonishangaza. Kiuno chenyewe kilitulia baada ya siku tatu. Kilichobaki kinaanzia kwenye kalio, kinapita nyuma ya paja, kinazunguka upande wa nje wa shavu la mguu, kinaishia kwenye kidole gumba. Ni mstari mmoja, ningeweza kukuchorea kwa kalamu. Kidole nimekichunguza kwa miwani: hakina jeraha, hakina uvimbe, na bado kinaungua na kufa ganzi kwa wakati mmoja. Nikikohoa, kinaungua. Wewe fundi nielezee: kikohozi kiko kifuani, kidole kiko kiatuni, wamejuana wapi?

Msimamizi wetu si mtu mbaya, lakini ametangaza mbele ya wote kwamba mwisho wa Juni, asiyeweza kumaliza njia yake ndani ya siku zilizopangwa atahamishiwa dirishani, kupokea malalamiko akiwa amekaa. Njia yangu ina mita mia moja na kumi na nne. Ya kwanza iko mlangoni kwa mtengeneza funguo, ya mwisho iko uwanjani kwa chekechea, kwenye zile changarawe nyeupe. Mwezi uliopita niliishia ya sabini, zilizobaki akanimalizia mwenzangu. Na kukaa ndiko kunakoniumiza kuliko yote. Dakika ishirini kwenye kiti nimeshauma meno. Ile njia nimeitembea miaka kumi na sita, watoto wa pale wananiita Mama Mita, sijui nitakuwa nani dirishani.

Halafu kuna ninachokiogopa zaidi ya dirisha, nawe unakijua. Mama naye alianza na kalio, likafuata paja.

Jirani ameniambia nilale sakafuni nisitikisike. Nimechukua likizo ya siku kumi, leo ni ya saba. Naandika nimelala kifudifudi, ndiyo maana mwandiko umelewa.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Lala. Tena lala hasa, usiwe unaamka kila saa kuchungulia kama maji yamechemka.

Barua yako ilinifanya nimkumbuke mama mpaka nyundo nikaiweka chini. Kiatu chake cha kushoto nacho kilikuwa kimekwaruzika ncha. Nilikiona, nina miaka ishirini, ndio kwanza najifunza kazi, na sikujua kinasema nini. Sasa najua. Ncha ikikwaruza na kisigino kikabaki kizima, mguu huo hauifikii ardhi, ni mfupi kuliko mwenzake. Mguu mfupi unapinda kiuno, na kiuno kikipinda ndiyo hayo. Nadhani ni ya ukoo wetu hii. Laiti ningejua wakati ule.

Nikuulize kitu ambacho kimenikaa kooni miaka kumi na tisa. Vile viatu nilivyomshonea mama, vya kahawia, vya kufunga kamba. Vilikuwa vya kwanza nilivyoshona peke yangu, fundi wangu hakugusa hata sindano. Nilimpelekea, akasema asante mwanangu, na baada ya hapo sikuviona tena mguuni mwake. Miezi kumi na moja aliyolala mpaka akatutoka, hata mara moja. Kila Jumapili nilipokuja nilikuwa namtazama miguu kwanza, uso baadaye. Nikahisi havikumpendeza, au vilimbana na hakutaka kuniumiza. Wewe ndiye uliyekuwa naye kila siku. Aliwahi kusema chochote?

Wifi yako anakusalimu. Anasema ukichoka kulala njoo ulale huku, atakuletea chai na umbea, vyote vya moto.

Mdogo wako,
Fundi


3 Aprili

Mdogo wangu,

Kulala kumenishinda. Siku ya kumi niliposimama, mguu ulikuwa kama nimeuazima. Nikaenda hospitali kwa hasira, na huko nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mfupi, mpole, mwenye raba zilizolika sawasawa. Nilizitazama kwa niaba yako.

Alinilaza chali akauinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu, kidole kikaungua. Wa kulia ukapanda mpaka juu bila neno. Akagonga goti, akaniambia nitembee kwa visigino kisha kwa vidole. Akaniuliza maswali ya ajabu kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: mkojo unakuja vizuri? Choo unaweza kukizuia? Sehemu unayokalia tandiko la baiskeli, ina ganzi? Miguu yote miwili imeishiwa nguvu? Nikamjibu hakuna hata moja. Akasema lolote kati ya hayo likitokea nisingoje kesho wala nisimwandikie mtu barua, nije hospitali saa ileile.

Ugonjwa unaitwa sayatika. Kati ya pingili za mgongo kuna vipande laini vinavyokaa kama mito midogo ya kulalia. Kimoja changu kimetokeza nje ya mahali pake, kikaugusa mshipa wa fahamu unaotoka kiunoni na kushuka mpaka mguuni. Mshipa huo ni mnene kama kidole, na ni njia moja tangu juu hadi chini. Ukisumbuliwa juu, unalalamika chini. Mtu akikohoa, kifua kinasukuma, mgongo unapata msukumo, na kidole kinalipa.

Nilicheka mpaka akaacha kuandika. Maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mara ngapi nimeitwa kwa mtu mwenye doa la maji jikoni, ameshabomoa ukuta wa jikoni wote, kumbe bomba limepasuka bafuni? Wiki zote hizi nimekuwa nikikikanda kidole kwa maji ya moto. Nimebomoa jikoni, mdogo wangu.

Akasema wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa, wengine miezi mitatu, bila kisu. Nikajisifu kwamba nimelala siku kumi kama nilivyoshauriwa. Akatikisa kichwa. Zamani, akasema, hata hospitali tuliwalaza watu hivyo, siku hizi tunajua kwamba kulala sana kunachelewesha. Nitembee, kidogo kidogo, mara nyingi, nisikae zaidi ya nusu saa bila kusimama, nikilala ubavu niweke mto katikati ya magoti.

Hilo la kulala lilinichoma kuliko mguu. Sababu nitakuambia siku nyingine, na swali lako la viatu vya mama ni siku hiyohiyo.

Nimeanza daftari. Kila jioni najisoma kama ninavyosoma mita: maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, yameishia wapi, nimetembea dakika ngapi, nimevaa nini. Leo: sita, kidole, dakika thelathini, viatu vyeusi.

Dada yako


11 Aprili

Dada,

Kidogo kidogo, mara nyingi. Hata mimi ningesema hivyo bila kusomea. Mama alilala na bado mguu ulimshinda, je, angekuwa anazurura?

Sibishani na hospitali. Ila huyo mama amesoma migongo, mimi nimesoma viatu miaka kumi na tisa. Kama ni lazima utembee, tembea na vile vyeusi. Vile vingine nilivyokushonea, vya kijivu, viweke pembeni kabisa. Usiniulize kwa nini.

Na "siku nyingine" ni lini? Nimeitafuta kwenye kalenda ya ukutani sijaiona.

Fundi


25 Aprili

Mdogo wangu,

Nikusomee daftari. Jumatatu, vyeusi, saba. Jumanne, vya kijivu, nne. Jumatano, vyeusi, saba. Alhamisi, vya kijivu, tatu. Ijumaa, vyeusi, sita na nusu. Navibadilisha kila siku kama ulivyonifundisha mwenyewe, ili ngozi ipumzike. Siku kumi na nne nimeandika, siku kumi na nne zinasema hivyohivyo.

Kabla ya hapo nilipata hofu nyingine. Kidole kiliacha kuungua, shavu la mguu likanyamaza, lakini kiuno kikaanza kuuma upya, tena kwa nguvu. Nikaandika kwa wino mwekundu: inarudi. Nikamkimbilia yule mama wa mazoezi, naye akafurahi kama nimemletea zawadi. Anasema maumivu yakipanda, yakauacha mguu na kurudi kiunoni, mara nyingi ndiyo dalili njema, mshipa unapata nafasi yake. Kwa hiyo cha kutazama si ukali tu, ni yamefika wapi. Kumbe wiki zote hizi nilikuwa naandika namba mbili, nasoma moja tu.

Ila siku za vyeusi yanashuka tena mpaka kwenye goti. Nyumba moja, bomba moja, mita mbili zikisoma tofauti, iko sababu. Nikampelekea viatu. Kwanza alinilaza akapima miguu yangu kwa utepe, kuanzia mfupa wa nyonga hadi kifundo. Akarudia. Iko sawa. Kisha akaingiza kidole ndani ya kiatu cha kushoto, akakunja uso, akaniambia niingize cha kwangu. Tabaka tatu za ngozi, zimegundishwa na kufunikwa kwa ustadi hata jicho halioni.

Akaniambia, "Hukuuburuta mguu kwa sababu ni mfupi. Uliukimbia kwa sababu unauma." Mwenye maumivu haya huegemea upande wa pili bila kujijua, na kiatu kinaandika kile anachokiona. Kumwinua kisigino mtu ambaye miguu yake iko sawa ni kumpinda kiuno kilekile kilichoumia. Akauliza nani ameweka. Nikasema fundi mmoja. Sikusema mdogo wangu.

Nimezibandua kwa kisu cha jikoni, zimo ndani ya bahasha hii. Sina hasira. Nina hamu ya kujua tu: kwa nini hukuniambia?

Dada yako


7 Mei

Wifi,

Usishtuke kuona mwandiko wa kuku, ni mimi. Mume wangu ni mzima, ila amenuniana na nafsi yake.

Bahasha yako ilipofika alivimwaga vile vipande mezani, akavipanga upya, akavipima kwa rula. Sentimita moja na milimita mbili. Tangu siku hiyo kila mteja akija anajibiwa, "Sijui kama naweza." Juzi mwanamke kaleta kandambili, kamba tu imechomoka, naye akaambiwa akatafute fundi. Akanitazama mimi, mimi nikatazama dari.

Barua amekuandikia nne. Zote amefungia viatu vya watu, na moja imekwenda na viatu vya mwalimu mkuu, kwa hiyo sijui sasa hivi nani shuleni anasoma mambo yetu. Leo nimemwambia hainuki mezani mpaka aandike mistari mitano hapa chini. Nimemsimamia na mwiko.

Wifi yako anayekupenda

Dada. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungekataa. Kiatu cha mama sikukisoma, chako nimekisoma vibaya. Nilitaka mara hii niwe nimefanya kitu kabla hujalala kitandani usiinuke, badala yake wiki saba umelivaa kosa langu mguuni. Nisamehe. Ni mitano, wifi yako amehesabu.


16 Mei

Mdogo wangu,

Boksi hili usilifungue mbele ya wateja. Soma kwanza.

Nilikusamehe kabla hujaomba, na kosa lako nimelipima: sentimita moja na milimita mbili. Langu sijui nilipime kwa nini. Uliniuliza kama mama aliwahi kusema chochote kuhusu viatu vyako. Nimekuwa nikilikimbia swali hilo miaka kumi na tisa, hata kabla hujaliuliza.

Mama alivipenda. Siku ile ulipoondoka alikaa ukingoni mwa kitanda, akavivaa, akafunga kamba kwa mikono yake. Akataka kusimama, nikamzuia. Kesho yake nilitoka kuanika nguo, niliporudi nikamkuta mlangoni, amevivaa, ameshika ukuta, jasho linamtoka, anacheka. Alikuwa anakwenda kwako, akaniambia, akuonyeshe. Niliogopa sana. Kila mtu alikuwa amesema asikanyage chini, nami nilikuwa nimebeba jukumu la kumlinda. Nikamrudisha kitandani, na aliposinzia nikavichukua nikaviweka juu ya kabati, mikono yake isikofika.

Akaviulizia. Kila asubuhi: viatu vyangu viko wapi? Nikamwambia, viko kwa fundi. Kwako, yaani. Nikamwambia umevichukua kurekebisha, na asikudai kwa sababu una kazi nyingi utaona haya. Basi wewe ukija Jumapili ukawa unamtazama miguu, na yeye akawa anakutazama mikono. Nilikuwa naliona hilo, naenda kuchemsha maji. Mwezi wa tano hivi wa kulala akaacha kuuliza, na miguu yake nayo ikawa imekwisha kukonda.

Nilimuuliza yule mama wa mazoezi kama kulala ndiko kulikomuua. Akasema hakumwona mama yetu, hawezi kujua, na kwamba tulifanya kile ambacho karibu kila mtu alikiamini wakati ule. Nilimshukuru. Maneno yake hayajanitosha, lakini nilimshukuru.

Nilidhani naogopa kuugua kama mama. Kumbe nilichoogopa ni kupona kwa kutembea, kwa sababu nikipona hivyo nitajua nilichomnyima. Sasa napona, na nimejua.

Vimo ndani ya boksi. Nilivipaka mafuta kila mwaka. Vigeuze utazame soli.

Dada yako


29 Mei

Dada,

Nimezitazama. Ziko kama nilivyozikata. Hata alama ya kalamu niliyochora kabla ya kupitisha kisu bado inaonekana, ningekuwa fundi mzoefu ningeifuta.

Nimekaa navyo siku nne kabla ya kushika kalamu. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira nawe, sikufichi. Nilitaka hata kupanda basi nije nikuulize usoni. Siku ya pili nikakumbuka kwamba Jumapili zilezile nilikuwa nampanga mama mto mgongoni na kumwambia, lala mama, usikanyage. Kwa sauti yangu mwenyewe, kila wiki. Kama angekuomba wewe viatu na mimi nikawepo, ningepanda kabati mimi mwenyewe kuvificha.

Siku ya tatu na ya nne nilikuwa nashona. Gundi ilikuwa imekauka ikawa unga, uzi ukakatika nilipouvuta. Nimeshona upya kuzunguka, soli nimeziacha zilezile. Navirudisha kwako. Mguu wako na wake ni namba moja, na juu ya kabati vimekaa vya kutosha.

Sasa nina swali moja la kifundi, na usinicheke. Vilimtosha?

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Vilimtosha. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Huyu mtoto ameniona miguu. Havinibani popote."

Na mimi havinibani. Leo nimevizungusha mtaani dakika arobaini, nikarudi nikasoma daftari. Wiki hii ni mbili, mbili, moja, tatu, moja. Ile tatu ni siku ya mkutano wa kazini, saa nzima na nusu kwenye kiti. Mara ya pili itanibidi nisimame nyuma ukutani, wacha wadhani nataka kutoroka. Zote zimeishia kiunoni, hakuna iliyovuka kalio.

Mzima kabisa siko. Yule mama ameniambia wazi kwamba ugonjwa unaweza kurudi, na kwamba mazoezi nisiyaache siku nitakayojisikia vizuri, maana ndiyo siku watu wanayoyaacha. Basi asubuhi nalala kifudifudi nainua kifua kwa viwiko, majirani wakipita dirishani wanadhani natafuta pete chini ya kitanda. Ndoano ya vifuniko nimeiunganishia mpini mrefu kwa mchomelea vyuma. Sasa napiga magoti, nageuka mwili mzima, sijipindi kiuno tena. Kile kifuniko cha duka la rangi nimekisubiri kwa hamu.

Nilikuwa najiuliza kwa nini mwili uweke kengele kidoleni wakati moto uko kiunoni. Nadhani sisi ndugu wawili tusiucheke, nasi tumelia kuhusu viatu wakati jeraha ni mama.

Kesho naanza njia nzima, mita ya kwanza hadi ya mia na kumi na nne. Mwisho wa mwezi ni palepale.

Dada yako


6 Agosti

Dada,

Sikuulizi hali.

Boksi limefika leo bila barua, viatu vitupu. Nimevitikisa, nimeingiza mkono mpaka ndani, hakuna hata karatasi. Wifi yako akaanza kupatwa na wasiwasi. Nikamwambia atulie, nikavigeuza juu ya meza, nikawasha taa.

Soli zimelika. Za mama, dada, zimelika mpaka uzi unaonekana. Ile alama yangu ya kalamu haipo tena. Kisigino cha kulia kimelika na cha kushoto kimelika, nimeweka rula juu yake, viko sawa. Ncha ya kushoto haina mkwaruzo hata mmoja. Kuna tone la rangi ya bluu ukingoni, hiyo ni mita ya themanini na tisa, na kwa lilivyokaa ulikuwa umepiga goti. Na kwenye mshono wa mbele nimechokoa kwa sindano changarawe tatu, nyeupe, ndogo. Mwaka mzima huu sikuwa nimeziona kwenye kiatu chako chochote. Nimezipanga dirishani, wifi yako hataki nizitoe.

Msimamizi wako sijui alisema nini, nawe hujaandika, lakini mtu wa dirishani haokoti changarawe za chekechea.

Nililia kidogo. Wifi yako atakuambia ni sana, usimsikilize. Kisha nikafanya kazi. Nimeweka soli mpya, ngozi nzuri, itakupeleka mpaka mwakani.

Ndani ya kisigino cha kushoto sijaweka kitu. Ingiza kidole uhakikishe.

Mdogo wako,
Fundi